Sikio la Mgeni Nchini Sotemu

Ukiuliza katika nchi nyingine ina watu wangapi, utajibiwa kwa maelfu au kwa mamilioni. Kidawa alipouliza mpakani mwa Sotemu, askari alimwambia kwamba nchi ina vitenzi elfu tatu na mia mbili, na kwamba vyote viko salama mikononi mwa serikali. Hesabu ya watu, alisema, bado haijamfikia.

Kidawa Shekuwe alikuwa na miaka ishirini na minne, na shahada ambayo shangazi zake kule Muheza hawakujua waieleze vipi kwa majirani. Alikuwa amesoma Kikibti, lugha ya kale ya Misri, ambayo siku hizi huishi kanisani zaidi kuliko sokoni. Aliipenda tangu siku mwalimu alipoandika ubaoni neno moja, *afsotem*, akasema maana yake ni "alisikia". Kidawa aliona humo ndani alama ya jambo lililokwisha, alama ya mtendaji, na kusikia kwenyewe, vyote vimeshikana mikono katika neno moja kama vinavyoshikana katika maneno aliyoyanyonya kwa mama yake. Na walipofika kwenye *mpat*, kiungo cha jambo ambalo halijatokea lakini bado linangojwa, alicheka peke yake darasani. Si kila lugha ina chombo kidogo namna hiyo cha kubebea subira. Wale walikuwa nacho, nasi tunacho: hajala, hajafika, hajarudi. Alihisi kama amekutana na ndugu ambaye hakuwahi kuambiwa habari zake.

Kwa hiyo aliposikia kwamba iko nchi, nyuma ya jangwa, ambako ramani huishiwa wino, na kwamba watu wake bado wanasema Kikibti jikoni na barabarani, hakutulia mpaka alipopata barua ya kukaribishwa. Sotemu haikuwa imepokea mgeni kwa miaka thelathini. Lakini wakubwa wake walifurahi mno kusikia kwamba yuko mtu wa mbali anayetaka kuja kustaajabia vitenzi vyao.

Karatasi ilikuwa adimu nchini humo. Karibu mambo yote yaliandikwa juu ya vigae vya vyungu vilivyovunjika, na kila nyumba ilipigiliwa kigae juu ya mlango kinachosema hali ya waliomo: Wanakaa. Wanalima. Anaumwa. Vigae hivyo vilitoka mahali pamoja, Diwani ya Vitenzi, jengo refu la mawe lenye ua mpana, na mtu wa kwanza kumpokea Kidawa pale alikuwa Karani Mkuu, Bwana Papnuti, mwanamume mwembamba mwenye vidole vyenye wino na macho ya upole.

"Karibu dada, karibu sana," alisema. "Watu wa nje hudhani nchi inaendeshwa na majeshi. Nchi inaendeshwa na vitenzi. Ukishajua nani anaruhusiwa kusema jambo limekwisha, na nani anatakiwa kusema bado, umeijua serikali yote."

Alimpitisha chumba kimoja baada ya kingine. Kila namna ya kusema tendo ilikuwa na chumba chake, na mwananchi aliyetaka kusema jambo hadharani alipaswa kwanza kuliombea kigae katika chumba kinachohusika. Katika Chumba cha Mazoea makarani waliandika sentensi moja tangu asubuhi: Serikali hulisha watu.

"Hulisha lini?" Kidawa aliuliza.

"Mazoea hayaulizwi lini," alijibu Papnuti. "Huo ndio uzuri wake."

Chumba kikubwa kuliko vyote kilikuwa Chumba cha Bado. Foleni yake ilitoka mlangoni, ikazunguka ua, ikafika hadi langoni, nayo ilijaa wanawake zaidi kuliko wanaume. Watu walikuwa wamezoeana humo kama majirani wa mtaa mmoja.

"Daraja letu halijajengwa tangu babu yangu hajazaliwa," mwanamke mmoja alikuwa akijisifu.

"Una bahati, mwenzangu," alijibiwa. "Letu lilianza kutojengwa mwaka jana tu. Itabidi tukimbie ili tuwafikie."

Wakacheka. Kidawa naye akacheka, kwa kuwa alielewa kila neno, na kuelewa kwake kulimtia furaha kama ya mtoto.

Katika ukumbi wa mwisho maofisa wanane walikuwa katika mjadala. Paa la shule moja ya kaskazini lilikuwa limewaangukia wanafunzi, na kigae cha shule kilikuwa kinangoja neno. Ofisa mmoja alitaka iandikwe "limeanguka". Mwingine, mzee mwenye sauti nzito, alimkatalia.

"Kilichoanguka kimetoka juu, mheshimiwa. Watu watauliza kilikuwa kimeshikiliwa na nini, na nani alipitisha mbao hizo. Semeni: liko chini. Kilicho chini kiko chini tu. Mimi niko kitini hapa, nani ananiuliza nilikaa lini?"

Walijadiliana kwa adabu kubwa. Mwishowe wote wanane wakakubali: Paa liko chini.

"Na watoto?" aliuliza karani aliyekuwa akiandika.

Maofisa walimgeukia yule mzee.

"Wako chini yake," alisema yule mzee.

Karani akaandika. Kidawa naye akaandika katika daftari lake, chini ya kichwa alichokipigia mstari: Vitenzi vya hali, visivyomtaja mtenda. Ulikuwa mfano mzuri kuliko yote aliyopata chuoni. Kisha akasoma alichoandika, akalifunga daftari.

Kilibaki chumba kimoja, kidogo, chenye kufuli, mwisho wa ushoroba. Hicho kilikuwa Chumba cha Yaliyokwisha. Papnuti alieleza kwamba kwa mambo madogo, mavuno au harusi, makarani walitoa vigae bila shida. Lakini kifo cha mtu mkononi mwa mtu kilikuwa na sheria yake.

"Waanzilishi wetu walikuwa waadilifu sana," alisema. "Waliona kwamba ndugu humtetea ndugu, na jirani humwogopa jirani. Wakaamuru kwamba tendo la namna hiyo haliandikwi mpaka kikiri kinywa cha aliyelitenda, na maneno hayo yasikiwe na sikio lisilo na nyumba Sotemu. Sikio la mgeni. Na kitakachosemwa na sikio hilo kiandikwe kama kilivyosemwa, bila kupunguzwa."

"Na wageni hupokelewa mara ngapi?"

"Wageni hawapokelewi."

"Basi sheria hiyo..."

"Ni sheria nzuri sana," alisema Papnuti, na Kidawa aliona usoni mwake kwamba hakuwa akitania. Aliiamini kwa moyo wake wote.

*

Alipangiwa kukaa kwa mjane mmoja aliyeitwa Trashe, mfumaji wa kitani. Baadaye alikuja kujua kwamba hakupangiwa hapo kwa bahati. Diwani ilipotangaza kwamba mgeni anakuja, wanawake wote wa mji walijificha, na Trashe peke yake ndiye aliyekwenda kumwomba.

Kigae cha mlango wa Trashe kilikuwa na neno moja: Hajarudi.

Asiyerudi alikuwa mwanawe, Hori. Alikuwa mchimba mifereji, kijana wa miaka ishirini na miwili, na siku moja alisema mbele ya watu kwamba liwali ameyageuza maji ya mfereji mkuu yaende shambani kwake. Walinzi wanne walikuja kumwita akajibu maswali. Hiyo ilikuwa miaka kumi na mmoja iliyopita. Na kwa kuwa Diwani iliandika kwamba hajarudi, mama yake hakuruhusiwa kulia kwa sauti, wala kuweka matanga, wala kupokea pole. Badala yake kila Jumatatu asubuhi alipaswa kusimama katika foleni ya Chumba cha Bado, na akifika mbele aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, "Hajarudi." Akikosa Jumatatu moja angeshtakiwa kwa kumkatia mwanawe tamaa.

"Mara ya kwanza nilipolisema neno hilo nilikuwa naliamini," Trashe alimwambia Kidawa huku akinyoosha nyuzi. "Nililisema kama dua. Sasa kila nikilisema ni kama namzika mtu akiwa hai, halafu namfukua, halafu namzika tena. Hebu niambie, mwanangu, wewe uliyesoma. Kwenu pia neno hili lipo?"

"Lipo, mama."

"Hulitumia kwa nini?"

Kidawa alifikiri. "Kwa mambo ya kawaida. Chai haijachemka. Baba hajafika."

"Na baba hufika?"

"Hufika."

"Basi si neno moja," alisema Trashe.

Siku za Alhamisi alikuja mzee Pamini, jirani wa mtaa wa pili. Alikuwa akifanya kazi uani mwa Diwani, kukwaruza vigae vya zamani ili viandikwe upya, na mavumbi yake yalikuwa yameingia kifuani. Alikohoa mpaka akashika ukuta. Kila Alhamisi, kwa miaka kumi na mmoja, alimletea Trashe vitunguu kutoka bustani yake.

"Pamini, vitunguu vyako vidogo kama roho yako," Trashe alimtania.

"Roho yangu ingekuwa na ukubwa huu, dada, ningemshukuru Mungu."

"Kaa ule basi. Mtu gani huleta chakula kila wiki na haketi kula?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba mavumbi wewe!"

Hakuketi. Alhamisi hiyo, na iliyofuata, alisimama mlangoni akimtazama Kidawa, kisha akaenda zake. Alhamisi ya tatu alikuja mchana, jua likiwa kichwani, bila vitunguu. Akaketi bila kukaribishwa.

"Binti," alimwambia Kidawa, "wewe huna nyumba Sotemu?"

"Sina, mzee."

"Wala ndugu?"

"Sina."

"Basi sikia vizuri. Zamani nilikuwa mlinzi. Tulikuwa wanne, na liwali alitupa amri kwa kinywa chake. Watu husema walimchukua Hori, walimuua Hori. Hao 'wao' nimewasikia miaka yote hii, na katika lugha yetu 'wao' anaweza kuwa mtu yeyote, hata upepo. Nimejificha humo ndani. Wenzangu watatu walimshika. Kamba niliivuta mimi, Pamini mwana wa Pisenti. Yuko kwenye lango la mfereji mkuu, chini ya jiwe la tatu upande wa mashariki. Hakutukana. Aliuliza kama mama yake ameshaambiwa."

Kitambaa kilikuwa mapajani mwa Trashe. Hakukiangusha. Aliendelea kupitisha uzi, mara moja, mara mbili, kisha mikono ikasimama yenyewe.

"Miaka kumi na mmoja," alisema, "nakula vitunguu vyako."

Pamini alifungua kinywa, kikohozi kikamshika. Kilipomwachia aliondoka akishikilia kuta za nyumba za watu. Baada ya siku tatu alifariki kitandani mwake, na siku hiyohiyo mlango wake ukapata kigae kinachosema: Amekufa. Waliowahi kutumikia ulinzi hawakungojeshwa katika Bado.

Trashe hakumsihi Kidawa. Alimwambia tu jambo lilivyo. "Kinywa kimekufa, limebaki sikio. Nikipata kigae naweza kufungua lile jiwe. Naweza kumwosha mwanangu. Nisipokipata, Jumatatu nitakwenda kusema hajarudi, na sasa najua aliko."

"Nitasema, mama," alisema Kidawa. "Kwa nini nisiseme? Nilisikia kila neno."

Alilisema kwa wepesi. Alikuwa katika umri ambao mtu hudhani ukweli ukishajulikana umeshashinda.

*

Jumatatu asubuhi walikwenda pamoja. Papnuti alimwingiza Kidawa peke yake katika ofisi inayotazama ua, akafunga mlango, akamwekea maji ya kunywa. Alionekana kama mtu ambaye hakulala.

"Dada yangu," alisema, "nimelisoma ombi lako la kutoa ushahidi. Kabla sijafungua kile chumba, ni wajibu wangu kukueleza kanuni. Sikio likishasikia tendo lililokwisha huwa kumbukumbu ya nchi, na kumbukumbu za nchi hazitoki nje ya nchi. Utahifadhiwa hapa Diwani mpaka kesi ifungwe."

"Kesi hufungwa baada ya muda gani?"

"Haijawahi kufunguliwa hata moja."

Kidawa alinywa maji.

"Mama yako yuko hai?" aliuliza Papnuti kwa upole.

"Yuko."

"Ana watoto wangapi?"

"Mimi tu."

Papnuti alitoa kibali cha kusafiri, karatasi halisi yenye mhuri, akakiweka mezani kati yao. "Hakuna anayekuomba useme uongo. Husemi hukusikia. Sema hujasikia. Mlango unabaki wazi. Hata mwaka ujao, hata ukiwa mzee, waweza kurudi useme. Watu wote hapa huishi hivyo. Neno hili limetulinda."

Kidawa alikuwa amelipenda neno hilo tangu darasani. Alijua matawi yake yote, alijua linavyoandikwa kusini na linavyoandikwa kaskazini. Lilikuwa laini, na lilikuwa karibu. Aliwaza juu ya mama yake akiuliza kila basi linalotoka mjini.

"Sijasikia," alisema.

Papnuti aliandika, akamsogezea kibali. Hakumtazama.

Trashe alikuwa ameketi kwenye ngazi za uani. Alimwona Kidawa akitoka na karatasi mkononi, akaelewa. Kidawa alitaka atukanwe. Alisimama mbele yake akingojea, na matusi hayakuja.

"Umekuwa mweupe midomoni," alisema Trashe. "Hukula asubuhi. Shika huu mkate, safari ni ndefu." Akampa, akajifunga vizuri mtandio wake, akainuka. "Niache mimi niwahi foleni. Leo Jumatatu."

Akaenda kusimama nyuma ya mwanamke wa mwisho. Foleni ikasogea hatua moja, naye akasogea. Kidawa aliutazama mgongo wake. Aliwaza kwamba baada ya saa moja hivi mgongo ule ungefika mbele ya karani, na kinywa kile kingesema kuhusu mtoto ambaye mama yake sasa analijua jiwe alilolazwa chini yake kwamba hajarudi. Na kwamba safari hii uongo huo haukuwa wa liwali. Ulikuwa wake yeye, Kidawa, aliyekuja nchi hii kwa sababu ya mapenzi.

Alirudi ndani bila kubisha hodi, akakirudisha kibali mezani.

"Nilisikia," alisema.

Papnuti aliinuka nusu kitini. "Tumeshaandika kwamba hujasikia."

"Nilidanganya. Andika na hilo."

Karani Mkuu alifungua daftari la kanuni, akapekua mbele, akarudi nyuma. Katika miaka yote ya Diwani hakuna mtu aliyewahi kutoka na kibali mkononi kisha akarudi, na hakukuwa na kanuni ya kumzuia. Akalifunga. Akachukua ufunguo, akaenda kwenye chumba kidogo, na kufuli lilipofunguka lilitoa sauti ya kitu kilichokuwa kimeota kutu. Akarudi na kigae kipya.

"Sema."

Kidawa alisema. Alitaja majina, alitaja kamba, alitaja jiwe la tatu. Alipofika kwenye amri, Papnuti aliinua kalamu.

"Amri ya nani?"

"Ya liwali. Kwa kinywa chake."

"Tunaweza kusema kwa amri tu. Inatosha. Sentensi inasimama."

"Uliniambia kiandikwe kama kilivyosemwa, bila kupunguzwa."

Kidawa aliona mtu mwembamba akipima kitu alichokiamini maisha yake yote, akikipima kwa mara ya kwanza kikiwa na uzito. Kisha mkono wenye wino ukashuka, ukaandika neno liwali.

Trashe aliitwa kutoka kwenye foleni. Hakujua kusoma, akaomba asomewe. Kwa hiyo Papnuti mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni mwa ua, ilimbidi aseme kwa sauti: Pamini mwana wa Pisenti na walinzi watatu walimuua Hori mwana wa Trashe, kwa amri ya liwali, kwenye lango la mfereji mkuu. Amekiri Pamini. Amesikia Kidawa.

Askari alikuwa ameshaingia ofisini. Alichukua kibali kilichokuwa mezani, akakikunja mara mbili, akamwonyesha Kidawa benchi lililo chini ya dirisha. "Kaa hapo," alisema. Kidawa akakaa.

Nje, Trashe alikipokea kigae. Kisha akalia. Kilikuwa kilio cha miaka kumi na mmoja, kibaya kusikiliza, kisicho na mpangilio, kama cha mtu aliyesahau jinsi watu wanavyolia. Askari wa uani walitazamana wakingojea amri, na Papnuti, aliyepaswa kuitoa, alikuwa amesimama mlangoni, kichwa ameinamisha. Trashe aliondoka uani akilia, kigae amekikumbatia, kuelekea upande wa mfereji, na wanawake wawili wakatoka kwenye foleni wakamshika mikono.

Foleni ilikuwa haisogei tena kuelekea Chumba cha Bado. Mwanamke mmoja wa makamo, mwenye kapu kichwani, aliangalia huku na huku, akauacha mstari wake, akavuka ua hadi kwenye dirisha la ofisi. Alishika nondo za dirisha. Alimtazama Kidawa usoni kwa muda, kama mtu anayehakikisha amefika nyumba aliyoelekezwa.

"Wangu aliitwa Fibu," alisema. "Alikuwa mrefu."

Nyuma yake mwingine alikuwa ameshasimama, na nyuma ya huyo mwingine, mpaka langoni.